Pensheni ikiingia yenyewe, bado ikaguliwe?
Shikamoo mzee wangu. Umeuliza kama kuna haja ya kukagua pensheni na marejesho ya pesa ilhali kompyuta ndiyo inayolipa. Haja ipo, tena kubwa. Kompyuta hulipa kile ilicholishwa: karani akikosea tarakimu moja, kosa hujirudia kila mwezi. Weka hati ya malipo ya mwezi huu kando ya ile ya mwezi uliopita, ulinganishe makato mstari kwa mstari, si jumla ya chini pekee. Pesa za bidhaa uliyoirudisha dukani kwa kawaida hurudi kwenye kadi uliyolipia. Kama ulishaifunga, pesa zaweza kukwama. Tunza risiti hadi uzione kwenye taarifa ya benki. Na mtu akikupigia kudai umerudishiwa zaidi, umtumie ziada, tafadhali kata simu, kisha piga benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi.