Data za nchi tatu tuziweke klaudi moja?

SWALI: Habari mtaalamu. Kampuni yetu ina matawi Kenya, Tanzania na Uganda. Bosi anataka data zote za wateja zikae klaudi moja, yaani kwenye seva za kukodi mtandaoni, na kuna jamaa anatuuzia programu, anasema ikishafungwa itazisafisha yenyewe. Tuichukue au kila nchi ibaki na mfumo wake?

JIBU: Kaka, huyo jamaa wa programu nakutana naye kila mahali. Kabla hamjasaini, fungueni orodha ya wateja muangalie namba za simu. Namba ileile inayoanza na 0712 inaweza kuwa ya mtu Kenya na ya mwingine kabisa Tanzania, sasa kama matawi yaliingiza bila 254 au 255 mbele, mkizichanganya programu itaona ni mteja mmoja, deni la wa Kisumu linamwangukia wa Mbeya. Nimewahi kutenganisha watu hivyo mmoja mmoja kwa mkono, wiki nzima, ni kazi inayoumiza. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa Tanzania, nayo ina tarakimu 20, mtu akiiingiza Excel kama namba ya kawaida zinabaki 15 za mwanzo, tano za mwisho zinageuka sifuri, akishasevu basi. Hizo tano hakuna programu itakayozirudisha!

Kuhusu klaudi, taarifa za watu ziacheni kwenye mfumo wa kila nchi, makao makuu yapate jumla za mauzo na vitu visivyo na majina. Kenya na Uganda zina sheria za data tangu 2019, Tanzania ya 2022 ilianza kazi Mei 2023, na zote zina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi.

Ila kinachoniudhi zaidi ni hii imani kwamba usimamizi wa data unanunuliwa. Muulize bosi "mteja hai" ni nani. Tawi moja litasema aliyenunua ndani ya siku 30, lingine siku 90, halafu ripoti inawajumlisha hivyohivyo na watu wanapanga bajeti juu yake. Hapo anatakiwa mtu, mwenye jina na mamlaka, aamue maana ni ipi na matawi yote yafuate, na huyo hayumo kwenye programu ya mtu yeyote. Na nyie wengine mnaosoma, muuzaji akikutajia bei kabla hajaomba kuona hata faili moja la data zenu, msimpe hela. Mwambieni kwanza achukue wateja 500 kutoka kila tawi awaunganishe mbele yenu, mkae naye mpitie mstari kwa mstari.