Maduro nyeusi: je, rangi ndiyo ukali?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Mombasa. Nimeletewa zawadi ya biri za maduro, zile nene za kusokotwa kwa mkono, nyeusi tititi. Niliwasha moja nikitarajia inipige kichwa, lakini nusu ya kwanza ilikuwa laini, ina ladha ya kahawa na chokoleti. Baadaye ikawa chungu na kuzimika mara mbili. Nimeipa 70 kati ya 100. Maduro ndivyo zilivyo, au nimeipima vibaya?

JIBU: Marahaba. Nianze na rangi, maana hapo ndipo wengi hupotelea. Weusi huo ni wa jani la nje, nao unatokana na kuvundikwa kwa muda mrefu. Majani mazito, kama Broadleaf ya bonde la mto Connecticut nchini Marekani au yale ya San Andrés huko Veracruz, Mexico, hutiwa unyevu na kurundikwa. Mrundo hupata joto wenyewe, kisha hupanguliwa na kupangwa upya ili majani yasiharibike. Amonia hutoka, ukakasi hupungua, jani hukolea rangi. Ile kahawa na chokoleti uliyoisikia imezaliwa humo. (Wapo wanaopika jani au kulitia rangi. Likikuachia weusi midomoni, tilia shaka.)

Nguvu ni habari nyingine. Nikotini hutegemea zaidi majani ya ndani, hasa ligero, yale ya juu ya mmea yaliyopigwa na jua zaidi. Ndiyo maana kuna maduro pole, na kuna biri ya rangi hafifu inayomkalisha mtu chini. Mimi huandika mambo mawili mbalimbali: uzito, yaani jinsi moshi unavyojaa mdomoni, na nguvu, yaani unavyousikia kichwani na tumboni. Ukitaka kuonja tofauti inayoletwa na jani la nje, tafuta Padrón 1964 Anniversary ya Nicaragua. Hutengenezwa kwa jani la kawaida na kwa maduro pia. Vuta zote mbili, siku tofauti.

Uchungu na kuzimika je? Kabla ya kuilaumu biri, nashuku unyevu na haraka yako. Jani la maduro ni nene, lina mafuta, na hushika maji. Biri hutunzwa vizuri kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na hewa ya Pwani mara nyingi hupita hapo. Ikiwa na maji mengi moto hulegea, nawe unavuta kwa pupa ili usizime, moshi unapata joto kupita kiasi, uchungu unakuja. Pumzi moja kwa dakika yatosha. Moshi usiushushe mapafuni. Uzungushe mdomoni, kisha toa kidogo kupitia puani, ambako ladha ya pilipili na harufu za viungo hujitokeza. (Kutoushusha hakuondoi hatari ya saratani ya mdomo, lijue hilo.) Ikizimika, kung'uta majivu na upulize ndani ya biri ili moshi utoke kwa mbele kabla ya kuwasha tena, la sivyo utaonja moshi uliolala.

Kuhusu alama, jarida la Cigar Aficionado, lililoanza 1992, hutumia mizani ya 100, na waonjaji hawaoni lebo. Kwenye mizani hiyo 90 kwenda juu ni biri bora, 80 na kitu ni nzuri sana, na chini ya 70 ni kupoteza pesa. Kwa hiyo 70 ni hukumu kali kuliko unavyodhani, hasa kwa biri ambayo nusu yake ilikufurahisha. Igawe katika theluthi tatu, kila theluthi uiandikie ladha yake, jinsi moshi unavyovutika na jinsi moto unavyokwenda, halafu alama moja ije mwisho.

Zilizobaki ziache wiki kadhaa kwenye kisanduku cha unyevu wa asilimia 65. Kisha uvute moja ukiwa umeshiba, polepole. Uchungu ukirudi katika theluthi ya mwisho, 70 yako iache palepale.