Presha imepanda, moyo umepunguza mwendo

SWALI: Shikamoo daktari. Nasomea uuguzi, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba mnyama akizuiwa kutengeneza nitriki oksaidi, presha yake hupanda lakini mapigo ya moyo hupungua. Mimi nashikilia kuwa presha haipandi bila moyo kukazana. Tumebishana bwenini hadi usiku wa manane. Nani kakosea?

JIBU: Marahaba. Umekosea wewe, ila hata mimi nilishikilia hivyo hivyo nilipokuwa mwanafunzi.

Presha hutegemea mambo mawili: damu inayosukumwa na moyo, na jinsi mishipa ilivyobana. Utando wa ndani wa mishipa hutengeneza nitriki oksaidi, ambayo ni gesi, kutokana na arijinini (moja ya vijenzi vya protini), nayo hupenya hadi kwenye misuli ya ukuta na kuilegeza. Usidhani gesi hii ni ya dharura tu. Mwaka 1989 watafiti wa London waliingiza dawa inayozuia utengenezaji wake, iitwayo L-NMMA, katika ateri ya mkono ya watu wazima wasio na ugonjwa wowote; damu ipitayo mkononi ikapungua karibu nusu. Maana yake mishipa yetu hulegezwa mchana na usiku, hata tukiwa tumelala.

Kizuizi kikienea mwilini, mishipa hujikaza na presha hupanda. Vihisi vya presha vya shingoni na kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, hupeleka habari kwenye ubongo, nao huuamuru moyo upunguze mwendo. Isitoshe, moyo unasukumana na mishipa iliyobana, huku ateri zinazoulisha wenyewe nazo zikisinyaa. Basi namba ya presha inapendeza, lakini damu inayotoka moyoni kila dakika imepungua.

Hapo ndipo tiba moja ilipokwama. Maambukizi makali yakifikia hatua ya mshtuko, gesi hii huzidi, mishipa ikalegea, presha ikaanguka. Ilionekana dhahiri: tuizuie. Wagonjwa 797 wakashirikishwa katika jaribio. Presha ilipanda kweli, lakini kufikia siku ya 28 walikuwa wamefariki asilimia 59 ya waliopewa kizuizi, dhidi ya 49 ya wasiopewa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati.

Ndiyo maana mimi nikifika kitandani hushika kwanza vidole vya miguu, ndipo nitazame mashine. Wauguzi hunicheka. Vikiwa baridi kwa kukosa damu na presha inasoma vizuri, siondoki.

Kamwombe radhi mwenzako.