Mbeya hadi Dar es Salaam kwa ndege: umbali na muda

Ndugu, umeuliza ni kilomita ngapi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam na ndege huchukua muda gani, kwa kuwa unamsafirisha mama yako mzee anayeumwa mgongo. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, kupitia Makambako, Mafinga, mlima Kitonga na Mikumi, safari ya kutwa nzima ambayo kwa kweli nisingemtwisha mgonjwa wa mgongo. Lakini angani, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 690, na ndege huzimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Kumbuka kwamba uwanja wa ndege wa Mbeya, yaani Songwe, uko nje ya mji, upande wa Tunduma, hivyo ondokeni nyumbani mapema, na mama avae sweta.