Kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni: niliyoyaona katika ofisi ya usajili

Ndugu uliyeuliza, umesema shule yenu ya bweni iliyo karibu na Busia, mpakani na Kenya, imepokea muhula huu watoto kutoka Kenya, Sudan Kusini na Kongo, na mkuu wa shule anataka kujua ni kumbukumbu zipi ziwe tayari siku maofisa wa elimu au wa uhamiaji watakapobisha hodi. Nitakujibu kwa yale niliyoyapitia, kwa kuwa nilikaa miaka 11 katika ofisi ya usajili ya shule moja ya sekondari mashariki mwa Uganda, na makosa mengi nitakayoyataja niliyafanya mwenyewe.

Kosa la kwanza ni kukimbilia kukusanya karatasi kabla ya kujua mtoto yuko Uganda kwa haki ipi. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ana njia yake, mkimbizi ana yake, mtoto aliyeandikwa chini ya kibali cha mzazi wake anayefanya kazi hapa ana yake, na mgeni wa kutoka nje ya Jumuiya ana yake. Ukishamweka mtoto katika fungu lisilo lake, kila hati utakayodai baadaye itakuwa hati ya mtu mwingine.

Nakumbuka bibi mmoja Msamia aliyemleta mjukuu wake kidato cha kwanza. Karani wetu, aliyetoka upande wa magharibi, alisikia Kiswahili chake cha Kenya akaandika "mgeni" juu ya fomu kwa kalamu nyekundu. Bibi alimtazama kwa utulivu akasema, "Mwalimu, huo mpaka ulitukuta hapa." Kisha akafungua leso yake akatoa cheti cha kuzaliwa cha Uganda na NIN, yaani namba ya utambulisho wa taifa, ya mtoto. Wasamia wameorodheshwa katika jedwali la tatu la Katiba ya mwaka 1995 miongoni mwa makabila asilia ya Uganda, kama walivyoorodheshwa Wakakwa na Wanyarwanda, ambao nao wana ndugu ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo jina, lafudhi na sura havimfanyi mtoto kuwa mgeni. Andika uraia kutoka kwenye hati, na kando yake andika ni hati gani umeiona na tarehe uliyoiona.

Kwa watoto wa Jumuiya, kibali cha mwanafunzi kinatakiwa lakini hakilipiwi ada. Wazazi wengi hawalijui hilo, na vishoka wanaozungukazunguka karibu na ofisi za uhamiaji hawana haja ya kuwaambia. Maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa Kurugenzi ya Uraia na Uhamiaji, na shule hutakiwa kutoa barua ya kumpokea mwanafunzi. Kopi ya barua hiyo, yenye muhuri na tarehe, ibaki katika faili lake. Angalia pia orodha yenu ya nchi wanachama ni ya mwaka gani. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, na nimeona shule ambazo kabati lao bado linawapanga Wakongo pamoja na Wahindi na Wachina. Kwa Wasomali, ambao ndio wa karibuni zaidi, iulize kwanza ofisi ya uhamiaji ya wilaya yenu kabla ya kumwahidi mzazi chochote.

Mkimbizi msimchanganye na hao. Watoto wawili kutoka Juba wanaweza kulala kitanda cha juu na cha chini katika bweni moja, mmoja akiwa na pasipoti na mwingine akiwa amesajiliwa na Ofisi ya Waziri Mkuu katika makazi ya Bidibidi. Wa pili hahitaji kibali cha mwanafunzi; kinachowekwa katika faili lake ni kopi ya hati ya familia inayotolewa na Ofisi hiyo, yenye jina lake na namba yake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inataka mtoto huyu atendewe sawa na Mganda katika elimu ya msingi. Jambo moja ninakusihi: msimtume mkimbizi, wala msiandike barua kwa niaba yake, kwenda ubalozi wa nchi aliyoikimbia kutafuta cheti au uthibitisho. Mwalimu mmoja alitaka kufanya hivyo kwa nia njema kabisa, na tulimzuia barua ikiwa tayari imefungwa kwenye bahasha.

Sasa niseme kuhusu majina, maana hapa ndipo tulipoumia. Tulikuwa na kijana ambaye pasipoti yake ilimwita Muhamad, cheti chake cha shule ya msingi kikamwita Mohammed, na daftari letu la kujiunga, kwa mkono wangu mimi, likamwita Mohamed. Hakuna aliyejali hadi alipofika kidato cha tatu na majina ya watahiniwa yakaanza kutayarishwa. Jina likapelekwa UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Uganda, jinsi nilivyoliandika, cheti kikatoka na jina hilo, na chuo alichoomba nje ya nchi kikataka athibitishe kwamba ni mtu yuleyule. Mzazi wake alikuja mara tatu, na mara ya tatu hakukaa hata kwenye kiti. Tangu hapo sheria yangu ikawa moja: jina linanakiliwa herufi kwa herufi kutoka kwenye hati ya kusafiria au hati ya mkimbizi, mzazi analisoma kwa sauti, kisha anaweka sahihi mbele yangu.

Jina hilohilo ndilo liingie katika EMIS, mfumo wa taarifa wa Wizara ya Elimu na Michezo, ambao humpa kila mwanafunzi namba yake ya utambulisho iitwayo LIN. Mganda huingizwa kwa NIN. Mgeni na mkimbizi huingizwa kwa namba za hati zao, na ndiyo maana faili lisilo na namba hizo hukwamisha kazi yote. Aliyesoma nje huhitaji pia UNEB iyalinganishe matokeo yake na ya Uganda kabla ya kusajiliwa kwa mtihani wa UCE wa kidato cha nne au UACE wa kidato cha sita. Anzeni jambo hili mwaka anaoingia, msingoje mwaka wa mtihani. Hati za Kongo zilizoandikwa kwa Kifaransa zitafsiriwe mapema, na kwa Wakenya kumbukeni kwamba KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, hivyo wanaokuja sasa huleta karatasi za mtaala mpya ambazo makarani wa zamani hawazitambui.

Shule nyingi zina faili nene la siku ya kuingia na hazina lolote la siku zinazofuata. Mpwa wangu anayesoma Marekani aliwahi kunieleza kwamba chuo chake hutakiwa kuiarifu serikali kupitia mfumo uitwao SEVIS ndani ya siku 21 mwanafunzi wa kigeni anapoacha masomo, na kutunza kumbukumbu kwa miaka 3 baada ya hapo. Nilicheka kwanza, kisha nikaenda kuhesabu mafaili yetu na kukuta wanafunzi 6 ambao kwa karatasi bado walikuwa bwenini, ilhali walikuwa wamehama miaka miwili nyuma. Nikatengeneza kadi moja kwa kila mtoto: tarehe ya kuisha kwa pasipoti, tarehe ya kuisha kwa kibali, siku ya mwisho alipoonekana darasani, na sababu ya kuondoka. Kadi nilizipanga kwa mwezi wa kuisha kwa kibali, wala si kwa alfabeti, ili kila mwanzo wa mwezi niwapigie wazazi wanaohusika. Vibali vingi huisha wakati wa likizo, mtoto akiwa njiani kwenda nyumbani, na aibu ya kusimamishwa mpakani, Elegu au Malaba, humwangukia yeye.

Taarifa hizi zifungiwe. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaihusu shule kama inavyoihusu benki: jisajilini katika Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, pateni idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto, na msibandike orodha ya namba za pasipoti kwenye ubao wa matangazo wala kuirusha katika kundi la WhatsApp la walimu, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu.

La mwisho ni hati halisi. Shule niliyofanyia kazi ilikuwa na tabia ya kushikilia pasipoti za wanafunzi wenye deni la karo, zikifungiwa katika kabati la chuma la mhasibu. Ijumaa moja msichana wa kidato cha pili alifiwa na baba yake Eldoret. Mjomba alikuwa ameshafika getini na gari linanguruma, mhasibu alikuwa ameondoka na ufunguo kwenda Mbale, na simu yake haikupatikana hadi saa mbili usiku. Jumatatu iliyofuata nilitoa kopi ya kila pasipoti iliyokuwa katika kabati lile, nikazirudisha zote kwa wenyewe au wazazi wao, na kila mmoja akatia sahihi katika daftari kwamba amepokea. Mhasibu alininunia muhula mzima.