Jifunze moto kwanza, resipi baadaye

Juzi mdogo wangu mmoja yuko mwaka wa kwanza kaniandikia, dada nitumie resipi kumi rahisi nianze kupika hosteli nimechoka kununua. Nikamjibu meseji ndefu sana, na kwa vile najua mko wengi mnaotaka kujitegemea kabla hamjamaliza chuo, naiweka hapa kwa wote.

Sijamtumia resipi hata moja. Resipi inakwambia kaanga vitunguu mpaka viive, lakini haikwambii jiko lako wewe liwake kiasi gani, na hapo ndipo chakula kinapoharibika. Anayejua moto atapika chochote utakachompa, asiyejua hata umpe resipi mia ataunguza nje na ndani pabaki pabichi.

Mimi naingia chuo nilikuwa sijui hata kupika wali. Nyumbani nilikuwa nafukuzwa jikoni, nikishika mwiko naambiwa toka hapo utatuharibia chakula, sasa mtu utajulia wapi? Halafu nafika hosteli, kuna mmoja tulikuwa tunakaa naye akaonja wali wangu mbele za watu, akautema, akacheka na wenzake wakacheka. Simtaji. Ila iliniuma na mpaka sasa naandika hapa inaniuma, maana mtu anayejifunza humcheki, unamwelekeza au unanyamaza.

Basi nikaweka video zote pembeni, nikawa nakaanga vitunguu tu, kila jioni na moto tofauti, nasimama hapohapo naangalia, nasikiliza, nanusa. Moto mkali vinaungua kingo na katikati bado vibichi, moto mdogo na chumvi kidogo vinatoa maji, vinalainika, vinashika rangi ya dhahabu na ule utamu wake. Hapo ndo nikaelewa kwamba maji yakiwepo chakula hakishiki rangi, kwa sababu maji yakifika nyuzi 100 yanachemka hayapandi tena, na ile kahawia ya kukaanga inataka kama nyuzi 140 hivi. Ndo maana nyama yenye majimaji, au ukiijaza yote kwenye kikaango kwa mpigo, inachemka badala ya kukaangika. Ikaushe, weka kidogokidogo. Hakuna resipi iliyowahi kuniambia hivyo!

Wali nao ni moto huohuo. Kikombe kimoja cha mchele, viwili vya maji (mchele mwingine unataka pungufu kidogo), ukichemka shusha moto mpaka chini kabisa, funika na usifunuefunue maana mvuke ndo unaopika. Ukikauka zima, uache dakika 10 hivi.

Mwezi uliopita nimepikia grupu letu lote la kusoma, wali, maharage na nyama, masufuria yakabaki matupu kabisa. Yule aliyenicheka hakuwepo, na natamani angekuwepo.

Jamani msikubali kuambiwa kupika ni kipaji, hakuna aliyezaliwa anajua. Na wewe kaka unayesema hiyo si kazi yangu, njaa haiulizi wewe ni nani, shika mwiko. Acheni kusubiri mpaka mpate jiko zuri na visu vizuri, anza na sufuria moja na kitunguu, usimame hapo, simu uiache kitandani, uujue moto.

Ila kuna mambo mawili usiyachezee. Maharage mekundu loweka usiku kucha, mwaga yale maji, weka mengine uyachemshe kwa nguvu angalau dakika 10 ndo ushushe moto yaendelee mpaka yalainike, maana yakiwa mabichi yana sumu ya kutapisha na kuharisha na moto mdogo peke yake hauimalizi. Na wali uliobaki usiulaze jikoni, kuna bakteria ambao vijimbegu vyao havifi kwa kuchemshwa, wali ukikaa nje wanazaliana na kutoa sumu ambayo hata ukipasha haitoki. Mwenye friji auweke mapema, ndani ya saa moja hivi, asiye na friji apike wa kumaliza.