Kipimo cha Jumapili hakijui mambo ya Jumamosi

Mwezi uliopita, Jumapili usiku nishapanda kitandani, ikaingia meseji ya kijana mmoja anayefuatilia ninayoandika. "Kaka, jana usiku kondomu ilipasuka na yule dada simjui vizuri. Leo asubuhi nimenunua kile kipimo cha HIV cha mate, imetoka negativu. Si niko sawa?" Nikaamka nikampigia hapohapo. Nikamwambia hapana mdogo wangu, hicho kipimo hakijakwambia chochote kuhusu jana, na masaa yako yanakwenda, kesho asubuhi nataka uwe hospitali.

Nilimkazania hivo kwa sababu mimi masaa yangu niliyaacha yakaisha.

Ilikuwa 2021. Nilitoka Mtwapa alfajiri ya Jumamosi, kondomu hakukuwa kabisa, na sitasingizia pombe, nilijua ninachofanya. Jumapili nikajiambia si kitu. Jumatatu nikafungua kibanda changu Kongowea nikauza viatu kama kawaida, Jumanne roho ikaanza kudunda nikawa natafuta dalili kwenye simu mpaka saa nane usiku, nikikohoa kidogo nasema ndio hiyo, joto la Mombasa likinitoa jasho nasema ndio hiyo. Alhamisi ndio nikaenda kituo kimoja cha afya, jina siweki. Pale kaunta karani akaniuliza kwa sauti benchi lote linasikia, "Wewe ndio wa kupima HIV?" Na kwenye lile benchi alikuwepo mama mmoja wa mtaani kwetu. Mpaka leo nikikumbuka ile sauti kifua kinanibana, na namwambia yeyote anayekaa kaunta kama ile, mnafukuza watu na hamjui.

Nesi wa ndani alikuwa mtu mwingine kabisa. Akafunga mlango, akaniuliza siku na saa, akahesabu, akanyamaza kidogo. "Ungekuja Jumatatu ningekupa PEP, mwanangu. Mwisho wake masaa 72."

PEP ni dawa unazomeza siku 28 bila kuruka hata siku moja, zinazuia virusi visipate makao mwilini, na ukianza mapema ndio bora, usingoje eti masaa 72 yakaribie. Na tafadhali, P2 sio PEP. P2 ni ya kuzuia mimba, haihusiani na virusi, mtu akikwambia ameshameza P2 yuko salama mrekebishe.

Siku hiyo akanipima, negativu, nikataka kumkumbatia. Akaniambia taratibu hii ni hali yako ya kabla ya Jumamosi. Vile vipimo vya haraka na vya mate havitafuti kirusi chenyewe, vinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza kupigana nacho, na askari hao wanaweza kuchukua mpaka miezi mitatu kuonekana. Rudi wiki ya sita, halafu rudi miezi mitatu ikitimia. Kati hapo kondomu kila mara, na damu usitoe.

Hizo wiki sina la kusimulia, zilipita. Isipokuwa jambo moja, nilimwambia rafiki yangu tuliyekua pamoja tangu chuo cha Kurani, na siku chache baadae nikasikia maneno yangu mwenyewe barazani kwa watu wengine. Hatusalimiani. Ukitaka mtu wa kumwambia, mwambie mshauri wa kituoni, yeye kusikiliza ndio kazi yake.

Miezi mitatu ikatimia, negativu. Nilishukuru Mungu nikalia kwenye matatu bila kujificha.

Sasa watu wananiuliza kuhusu kubusiana, kula sahani moja, mbu. Hapana, havipitii huko. Ukeni bila kondomu na mtu mwenye virusi asiyetumia dawa, kwa mara moja uwezekano ni mdogo, hata mmoja kwa elfu haufiki, kwa nyuma ni mkubwa zaidi sana hasa kwa anayepokea, na vidonda vya magonjwa ya zinaa vinaongeza. Mwenye virusi anayemeza ARV, zile dawa za kupunguza virusi, vizuri mpaka havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Lakini usikae kupiga hesabu nyumbani, huyo mmoja kwa elfu ni mtu, nenda ukamwache daktari aamue. Wala usitegemee "yeye kapima yuko negativu", na yeye anaweza kuwa ndani ya hiyo miezi mitatu.

Vijana wenzangu wa Mombasa, tunasimama juani pale feri ya Likoni tukingoja kuvuka hatulalamiki, ila benchi la hospitali hatuliwezi kwa kuogopa nani atatuona. Acha wakuone. Nenda mapema. Nasema tena, nenda mapema, siku ileile ukiweza.

Yule kijana alienda Jumatatu asubuhi, hospitali ya serikali, akapimwa kwanza kisha akapewa dawa bila kulipa. Siku za mwanzo alisikia kichefuchefu akataka kuacha, nikawa nampigia kila usiku baada ya isha namuuliza umemeza? Jana ameniambia vimebaki vidonge tisa, na tarehe ya kurudi kupima ameiandika kwa kalamu nyuma ya mlango wa chumba chake.